Alama za Mtoto wa Nyumbani

Huku Mususa, mtaa wetu wa Butembo, kila mtu humwita Ticha, hata wauza makaa wasiojua Kiingereza zaidi ya salamu. Jina lake ni Kitsa Ézéchias, na amefundisha Kiingereza katika shule yetu ya sekondari tangu kabla mimi sijaajiriwa. Mimi ni Maliro, mwalimu wa jiografia na msimamizi wa darasa la mwaka wa tano. Kila alama ya kila mtoto wa darasa lile hupita mikononi mwangu kabla ya kuingia kwenye buletini, ile karatasi ya matokeo. Nasema haya mapema ili asije mtu akaniuliza mambo ya watu niliyajuaje. Niliyajua kwa sababu ni kazi yangu, na pia kwa sababu nina masikio.

Ticha ni mtu mwema. Mwaka jana nilikuwa nikilisema neno hilo huku nimekunja ngumi, lakini nilikuwa nalisema. Mtoto akimwandikia upuuzi mtupu, yeye huupekua mpaka apate sentensi moja iliyosimama, aipe alama. Kuna mvulana anaitwa Jephté aliyewahi kumpa karatasi yenye jina lake, tarehe na mistari miwili tu. Ticha akampa alama tatu, eti za usafi. Tulimcheka sana katika chumba cha walimu, tukamwambia atatuharibia shule, naye akacheka pamoja nasi huku akikoroga chai.

Kisha akaja Jemima.

Jemima ni mtoto wa Gracieuse, dada mkubwa wa Ticha, anayekaa Beni. Baba wa mtoto aliuawa shambani kwao upande wa Mbau, na tangu siku hiyo hakuna mtu wa ukoo ule aliyekwenda tena kuona kama kakao yao bado ipo. Gracieuse akaanza kuuza mafuta ya mawese sokoni. Shule ya Jemima ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena, mpaka mama akachoka, akampandisha mtoto kwenye gari la Butembo mwezi wa kumi na moja, darasa likiwa limeshaanza zamani. Alimwachia mdogo wake sharti moja, na Ticha mwenyewe alinieleza: mtoto akipita, abaki Butembo amalize mwaka wa sita na afanye mtihani wa serikali. Akianguka, arudi Beni amsaidie mama yake sokoni, mambo ya shule yaishe. Hakuwa mama mbaya. Alikuwa peke yake na mitungi yake, na hakuwa na mtu wa kumbebea.

Jemima alikuwa msichana mrefu, mwenye tabia ya kukutazama usoni mpaka umalize sentensi yako. Nilimpenda tangu wiki ya kwanza. Mwalimu hapaswi kusema hivyo, lakini sote tuna watoto tunaowapenda, na anayekataa ni mwongo.

Shida ilianzia kwenye mkutano wa wazazi. Papa Kasonia, mwenyekiti wa kamati yao, ni mfanyabiashara anayesema kwa sauti hata anaponong'ona. Alisimama akauliza:

"Sasa Ticha iko na mutoto ya dada yake mu darasa, na banalala mu nyumba moja. Maswali ya examen, banafunika na nini? Na sahani?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, sahani ile ilinichekesha. Ticha hakucheka. Alikuwa amekaa mstari wa mbele, akaendelea kutazama mbele. Kuna mwalimu wa shule jirani aliyewahi kusemwa kwamba amempa binti yake alama za bure. Hakuna aliyethibitisha lolote, lakini mpaka leo akipita sokoni watu huulizana habari zake. Katika mji wetu jina la mtu hujengwa miaka mingi na huvunjwa Jumapili moja, watu wakitoka kanisani. Ticha ni kiongozi wa kwaya. Alijua hilo kuliko mimi.

Basi kuanzia hapo, alama za Jemima za Kiingereza zikaanza kuniletea maswali. Saba kwa ishirini. Sita. Nane. Katika Kifaransa na jiografia mtoto huyu alikuwa anajikokota vizuri, akilipia wiki alizokosa. Katika Kiingereza alikuwa akizama, na nyumbani anakaa na mwalimu! Bénite, msichana aliyetoka mji wa Kirumba, aliyekaa naye benchi moja, alikuwa akipata kumi na tatu, kumi na nne. Siku moja waliweka karatasi zao pamoja juu ya meza yangu, wakaniomba niangalie. Kiingereza changu ni cha shule, hakinitoshi kusahihisha, lakini macho ninayo. Jibu lililompa Bénite alama mbili lilikuwa limempa Jemima nusu. Pembeni, kwa wino mwekundu, Ticha alikuwa amemwandikia Jemima: unaweza zaidi.

Nilimfuata Ticha mpaka nje ya geti, nikamshika mkono wa koti.

"Ticha, mutoto mwenye kuandika jina yake na tarehe unamupa tatu. Huyu wa kwenu mbona unamunyima?"

"Madame, huyu ni mwana wetu. Iko na akili. Baningine nabahurumia juu hawana uwezo. Yeye iko nao."

"Basi akili yake njo kosa yake?"

"Minamungojea afikie kule juu. Akifikia, hata Papa Kasonia hatakuwa na neno."

"Na kama atarudi Beni kabla ya kufikia?"

Aliniambia Jemima hatarudi Beni, kwamba anamjua, kwamba mtoto huyo akisukumwa hupanda. Alisema kwa utulivu uliozidi kunichoma. Kama angefoka, tungegombana vizuri na yangeisha. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira hata nikaunguza mboga ya sombe, na watoto wangu wakala bila kuniuliza kitu.

Baada ya siku ile ya karatasi mezani kwangu, Jemima hakulalamika tena kwa mtu mkubwa yeyote. Alilalamika kwa Bénite tu, naye Bénite, ambaye alimwamini Ticha kama anavyoamini jua litachomoza, alimjibu kwamba anamsingizia mjomba wake bure. Wakabishana wiki nzima. Mwishowe wakafanya jambo ambalo wasichana wawili wenye akili nyingi na busara kidogo ndio pekee wangelifikiria. Siku ya insha ya kipindi cha nne cha mwaka, Jemima aliandika karatasi yake, juu akaweka jina la Bénite. Bénite akaandika yake, juu akaweka jina la Jemima. Mwandiko haukuwasaliti, kwa sababu macho ya Ticha yamechoka na mwandiko wa watoto sitini, na huwataka wote waandike insha kwa herufi kubwa zilizotengana. Karatasi zote zinafanana, utadhani ni mabango ya duka.

Siku ya kurudisha insha nilikuwa mlangoni mwa darasa, nimefuata alama zangu. Ticha alikuwa na furaha. Alikuwa ameshika karatasi moja juu, mbali na nyingine, akaisoma yote kwa sauti, kwa kile Kiingereza chake cha kwaya. Ilihusu mvua sokoni: wanawake waliokuwa na plastiki moja moja, wakafunika unga na maharage, wao wenyewe wakabaki wanalowa huku wakichekana. Hata mimi, niliyeshika nusu tu, niliwaona wale wanawake.

"Kumi na saba!" akasema. "Bénite, simama batu bakuone. Mumesikia? Haya, Jemima, umesikia? Vile njo nilikuwa nakungojea weye uandike. Vile vile kabisa. Na weye umeniletea ya saba."

Bénite alisimama, lakini alikuwa ameshaanza kulia. Jemima akasimama kando yake.

"Ticha, ile ni yangu."

"Yako namna gani?"

"Ile ya mvua ni yangu. Ya saba njo ya Bénite. Tulibadirisha majina."

Bénite alitikisa kichwa kukubali huku machozi yanamtiririka. Sijui alilia kwa hofu au kwa sababu ya ile saba. Nadhani vyote viwili.

Ticha alitazama karatasi aliyokuwa amesoma. Akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele. Darasa zima lilikuwa likimtazama, na mimi nilitamani kuwa popote pengine, hata kwenye foleni ya mashine ya unga.

"Juu ya nini mulifanya vile?" akauliza, na sauti yake haikuwa ya hasira.

Jemima alimtazama usoni kama kawaida yake. "Nilitaka kujua kama ni Kingereza yangu njo mubaya, ao ni jina yangu."

Jephté, ambaye hucheka hata akipigwa, aliinamisha kichwa. Ticha alikaa kwenye kiti chake polepole, akavua miwani, akaivaa tena. Kisha akachukua kalamu nyekundu akaandika sufuri kwenye karatasi zote mbili, moja baada ya nyingine.

"Ni fraude," akasema. "Sheria ni ya wote."

Nilitaka kumrukia. Naam, kubadilisha majina ni udanganyifu, na sheria ya shule inasema sufuri, na mimi mwenyewe nimeshawapa watoto sufuri kwa makosa madogo kuliko hayo. Lakini saa ile, mbele ya mtoto aliyesema neno lile, mtu mzima anatafuta kitu cha kusema kabla ya kutafuta kalamu. Nilichukua alama zangu bila kumtazama, na kwa siku kadhaa nilimwamkia kwa kichwa tu. Jemima naye aliendelea kulala nyumbani kwa Ticha, kula mezani kwake na kusema ndiyo Mjomba, hapana Mjomba. Mke wa Ticha aliniambia nyumba yao ilikuwa kimya hata redio iliona aibu kuzungumza.

Mitihani ya Juni ikapita. Nikajumlisha. Bénite alikuwa na akiba ya kutosha, sufuri ile ilimkwaruza tu. Jemima alikuwa chini ya hamsini kwa mia, ambayo ndiyo alama ya kupita. Nilijumlisha tena, kisha nikampa mume wangu ajumlishe, kwa matumaini kwamba kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nimekosea hesabu. Sikuwa nimekosea. Masomo mengine yote yalikuwa yamembeba mpaka ukingoni, na Kiingereza kikamrudisha chini. Jambo hilo liliniuma kama mtoto ni wangu.

Baraza la walimu lilikaa siku mbili kabla ya matokeo kusomwa hadharani. Kwetu desturi ni hii: mtoto aliyepungukiwa kidogo husomwa jina, na mwalimu yeyote anaweza kusimama kumwombea. Asiyeombewa huanguka. Lakini mwalimu mwenye undugu na mtoto haruhusiwi kusema. Jina likisomwa, yeye hutoka nje, hufunga mlango, na huitwa tena jambo likiisha. Ticha aliwaombea watoto watatu asubuhi ile, Jephté akiwa mmojawapo, na wote watatu walipita.

Prefe wetu, yaani mkuu wa shule, Bwana Jéthro, akasoma jina la Jemima. Ticha akainuka, akaenda mlangoni. Nami nikainuka, maneno yangu yakiwa tayari, na baadhi yake hayakuwa ya Kikristo. Lakini mkono wa Ticha ulibaki kwenye kitasa.

"Monsieur le Préfet, sitatoka," akasema.

"Ticha, desturi unaijua. Kama ni kumuombea mutoto points, hauna haki."

"Sikukuya kuomba. Nimekuya kurudisha. Kuna points za ule mutoto zenye nilikamata mwaka muzima, na haziko zangu."

Prefe aliweka kalamu chini. Ticha akaeleza akiwa bado amesimama mlangoni, kama mwanafunzi aliyechelewa. Alieleza juu ya mkutano wa wazazi na sahani ya Papa Kasonia. Alisema alikuwa akisahihisha karatasi ya Jemima mwisho, baada ya nyingine zote, akitafuta makosa ambayo kwa wengine alikuwa akiyaruka. Alisema mwanzoni alijiambia ni kwa ajili ya kumwinua.

"Lakini ile siku nilisoma karatasi yake mbele ya darasa, nilifurahi sana," akasema. "Nilifurahi juu nilifikiri ni ya mutoto ya mwingine."

Niliketi. Nilikuwa nimemkasirikia mtu huyu miezi mingi, na sasa nilikuwa natafuta kitambaa kwenye mkoba.

Prefe Jéthro hapendi jambo lisilo na kanuni, na kwa hili hakukuwa na kanuni. Alikuna kidevu. Mwishowe akaagiza mitihani ya Kiingereza ya Januari na ya Juni ya mwaka wa tano itolewe ofisini, majina yakunjwe, na Éphraïm, mwalimu wa Kifaransa aliyewahi kufundisha Kiingereza, asahihishe ya Jemima ikiwa katikati ya nyingine kumi, kwa kipimo kile kile. Éphraïm alilalamika kwamba hajala, akapewa mkate na chumba cha pembeni. Sisi tulikaa tukingoja, tukizungumzia bei ya saruji kwa sauti za watu walio msibani. Ticha alikuwa amekaa karibu na mlango, ndani.

Éphraïm aliporudi, watoto wengine kumi walikuwa palepale Ticha alipowaweka, mmoja juu kidogo, mwingine chini kidogo. Jemima peke yake alikuwa amepanda, katika mitihani yote miwili. Prefe aliuliza kuhusu ile sufuri ya insha, na kabla sijafungua mdomo Ticha akasema sufuri ibaki, kwa wasichana wote wawili, kwa kuwa walifanya udanganyifu kweli. Safari hii sikutaka kumrukia. Nikajumlisha pale pale mbele ya wote. Hamsini na mbili kwa mia.

Mwanzo wa Julai uwanja wa shule ulijaa. Gracieuse alikuwa ametoka Beni alfajiri, vumbi la barabara bado likiwa kwenye kitambaa chake cha kichwa. Mimi ndiye niliyesoma majina ya mwaka wa tano. Nilipofika kwa Jemima nilisoma kwa nguvu zaidi ya inavyotakiwa, na Bénite akapiga kelele ya furaha iliyowageuza watu wote.

Gracieuse hakupiga kelele. Alipokea buletini, akaitazama, kisha akamtazama binti yake.

"Makumi tano na mbili? Batoto ba batu bako na makumi sita, makumi saba. Weye uko mu nyumba ya mwalimu, unakula kwake, unalala kwake, na unaniletea makumi tano na mbili? Kingereza kumbe haukusoma?"

Jemima angeweza kusema yote, palepale, na nani angemlaumu? Alikaza midomo tu, akatazama chini, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Nikaanza kusogea. Ticha alinitangulia.

"Yaya, usimukaripie," akamwambia dada yake. "Alisoma. Hizi points za chini ni miye. Nilikuwa namupunguzia, juu batu basiseme namuongezea. Mu Kingereza, mutoto yako njo wa kwanza mu darasa yote. Hakuna mwenye kumupita."

Alisema mbele ya kila mtu, kwa ile sauti ya kwaya. Wazazi waliokuwa karibu waligeuka. Papa Kasonia, aliyekuwa na mwanawe mwenye hamsini na tano, akanong'ona kwa namna yake, uwanja mzima ukasikia:

"Munaona? Si nilisema? Leo njo wa kwanza!"

Watu wakacheka, na wengine wakaanza kuulizana. Nilijua kwamba kufika Jumapili habari ingekuwa imefika makanisani kote, kwa Ticha na kwetu. Ticha naye alijua. Nilimwona akisikia. Alibaki amesimama kando ya mtoto wa dada yake huku watu wakimsema.

Gracieuse alimtazama mdogo wake. Sijui kilichopita kati yao, ni mambo ya watu waliozaliwa tumbo moja. Kisha akakunja buletini, akaiingiza ndani ya kitenge kiunoni, akamuuliza kama huko nyumbani kuna chakula au amesafiri kutoka Beni kuja kula Kiingereza. Akaongeza kwamba atarudi peke yake kesho, kwa sababu mitungi yake ameachia jirani mwizi.

Ndivyo Jemima alivyojua kwamba anabaki. Aliinua uso.

"Mujomba," akasema, "ule mwaka yenye inakuya, usiniongezee. Na usinipunguzie. Unipatie tu yangu."

Ticha akaitikia kwa kichwa.